Jinsi joto linavyoandika na kufuta usumaku katika miamba ya volkano

MLIMA Nyiragongo, ulioko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulilipuka Januari 17, mwaka 2002. Mto wa lava uliteremka hadi katikati ya mji wa Goma, ukafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ukateketeza nyumba na maduka, na hatimaye ukaingia katika Ziwa Kivu. Makumi ya maelfu ya wakazi waliachwa bila makazi.

Katika siku na wiki zilizofuata, lava hiyo ilipokuwa ikipoa, kulitokea jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona kwa macho. Ndani ya mwamba mweusi uliobaki mitaani, chembe ndogo za madini ya chuma zilipata usumaku, na usumaku huo ulifuata mwelekeo wa uga wa sumaku wa Dunia kama ulivyokuwa mahali pale, wakati ule. Mwamba huo usipochomwa tena kwa joto kali, utaihifadhi kumbukumbu hiyo kwa mamilioni ya miaka.

Uwezo huo wa miamba ya volkano umewawezesha wanasayansi kutambua kwamba ncha za sumaku za Dunia zimebadilishana nafasi mara nyingi, na kwamba sakafu ya bahari hutanuka. Aidha, umesaidia kuthibitisha umri wa mabaki ya binadamu wa kale yaliyofukuliwa katika Bonde la Olduvai, nchini Tanzania. Hata hivyo, ushahidi huo wote unategemea jambo moja, nalo ni joto. Joto ndilo linaloamua ni lini madini yapokee usumaku, yautunze kwa muda gani, na ni lini yaupoteze. Mtaalamu asiyejua historia ya joto ya mwamba hawezi kuuamini usumaku wake.

Sumaku hupoteza nguvu kwa joto

Wengi wetu tunaifahamu sumaku kama kitu kisichobadilika. Kumbe sivyo. Kila dutu yenye usumaku wa kudumu ina kiwango chake cha joto ambacho, ikikipita, usumaku huo hutoweka. Mwaka 1895, mwanafizikia wa Ufaransa, Pierre Curie, alichapisha utafiti mpana kuhusu uhusiano wa joto na usumaku, na tangu hapo kiwango hicho kimeitwa nukta ya Curie.

Mfano wake umo katika majiko mengi ya umeme ya kupikia wali. Chini ya sufuria ya jiko hilo huwekwa kipande cha metali ambacho nukta yake ya Curie iko juu kidogo ya nyuzi joto 100 za Selsiasi. Maadamu kuna maji ndani ya sufuria, joto halipandi kupita kiwango cha kuchemka, na sumaku ndogo iliyomo huendelea kunatana na kipande hicho. Maji yakishakauka, joto hupanda, kipande hupoteza usumaku wake, sumaku huachia, na swichi hujizima. Wali umeiva.

Sababu ya tabia hiyo iko ndani ya atomi. Elektroni za atomi za chuma huifanya kila atomi iwe kama sumaku ndogo mno. Katika dutu yenye usumaku wa kudumu, sumaku hizo ndogo hushikamana na kujipanga kwa utaratibu, kama askari katika gwaride. Joto, kwa upande wake, ni mtikisiko wa atomi. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo mtikisiko unavyozidi, na mpangilio hulegea. Katika nukta ya Curie mtikisiko hushinda, na kila atomi huelekea upande wake.

Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba Dunia yenyewe haiwezi kuwa kipande kikubwa cha sumaku ya kudumu, kama ilivyodhaniwa zamani. Nukta ya Curie ya chuma ni takriban nyuzi joto 770, ilhali kiini cha Dunia, kinachoanza kilometa 2,900 hivi chini ya miguu yetu, kina joto la maelfu ya nyuzi. Uga wa sumaku wa Dunia hutokana na mzunguko wa chuma kilichoyeyuka katika sehemu ya nje ya kiini hicho, ambao huzalisha umeme na sumaku mfano wa dainamo. Kwa kuwa ni kimiminika kinachotembea, uga huo hubadilika mwelekeo na nguvu kadiri muda unavyopita.

Madini yanayobeba kumbukumbu

Sehemu kubwa ya mwamba wa volkano haina usumaku wa kudumu. Kazi hiyo hufanywa na madini machache, ambayo mara nyingi hayafiki hata asilimia tano ya mwamba wote.

La kwanza ni magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma, ambayo nukta yake ya Curie ni takriban nyuzi joto 580. Ndani yake atomi za chuma zimegawanyika katika makundi mawili yanayovuta pande zinazopingana. Kwa kuwa kundi moja lina nguvu kuliko jingine, ziada inayobaki ndiyo usumaku tunaoupima.

La pili ni hematiti, oksidi yenye rangi nyekundu inayofanana na kutu. Usumaku wake ni dhaifu kuliko wa magnetiti, lakini huvumilia joto zaidi, hadi takriban nyuzi 675.

La tatu ni titanomagnetiti, yaani magnetiti ambayo sehemu ya chuma chake imechukuliwa na metali ya titani. Madini hayo hupatikana kwa wingi katika basalti, mwamba mweusi unaotokana na lava nyepesi inayotiririka. Kadiri titani inavyozidi ndivyo nukta ya Curie inavyoshuka. Katika basalti changa za sakafu ya bahari, inaweza kuwa kati ya nyuzi 150 na 200 tu. Iwapo lava itapoa polepole mahali penye oksijeni ya kutosha, madini hayo hujitenga, titani ikaenda upande mmoja, na inayobaki ni magnetiti iliyo karibu kuwa safi, ambayo nukta yake hukaribia tena nyuzi 580.

Kwa hiyo miamba miwili iliyotoka katika mlima mmoja yaweza kuwa na tabia tofauti kabisa mbele ya joto. Wataalamu hupasha moto unga wa mwamba na kutazama ni katika kiwango kipi usumaku unaporomoka, na kwa njia hiyo hutambua ni madini gani yaliyomo. Baridi nayo hutoa ushahidi: magnetiti safi ikipozwa hadi takriban nyuzi 150 chini ya sifuri, mpangilio wa fuwele zake hubadilika ghafla, na usumaku wake hubadilika pamoja nao.

Lava inapopoa

Lava ya basalti hutoka ardhini ikiwa na joto la takriban nyuzi 1,100 hadi 1,200. Katika joto hilo hakuna madini yoyote ndani yake yenye usumaku wa kudumu. Lava huanza kuganda, na inapofikia karibu nyuzi 1,000 huwa imekwisha kuwa jiwe, lakini bado ni jiwe lisilo na kumbukumbu ya sumaku.

Hapa kuna dhana potofu inayopaswa kusahihishwa. Baadhi ya watu hudhani kwamba chembe za magnetiti huelea ndani ya lava na kugeuka kama sindano za dira. Sivyo ilivyo, kwani wakati usumaku unapoanza, mwamba umekwisha kuganda na chembe haziwezi kusogea. Kinachogeuka ni mpangilio wa sumaku ndogo za atomi ndani ya chembe zilizotulia mahali pake.

Mwamba unaposhuka chini ya nukta ya Curie, usumaku huanza, lakini kwanza hauna uthabiti. Mtikisiko uliobaki bado unaweza kuupindua huku na kule. Joto likizidi kushuka, hufika kiwango ambacho usumaku wa chembe hujifunga na hauwezi tena kubadilika kirahisi. Kiwango hicho cha kujifunga hutegemea ukubwa na umbo la chembe. Chembe moja yaweza kujifunga katika nyuzi 550, nyingine 400, na nyingine 200. Mwamba mmoja, basi, huandika kumbukumbu yake kwa awamu, kila kundi la chembe likijifunga kwa zamu yake.

Mfaransa Louis Néel, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1970, alieleza mwaka 1949 kwa hesabu jinsi jambo hilo linavyowezekana. Alionyesha kwamba chembe ndogo inayoweza kupoteza usumaku wake ndani ya dakika chache ikiwa na joto la mamia ya nyuzi, yaweza kuutunza usumaku huo huo kwa muda unaozidi umri wa Dunia ikiwa katika joto la kawaida. Tofauti ni joto tu. Maelezo hayo yaliupa utafiti wa miamba ya kale msingi wa kinadharia uliokuwa ukikosekana.

Afrika Mashariki ina kisa cha pekee katika suala hili. Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava ya karbonati ambayo ndiyo yenye joto dogo kuliko lava zote zinazojulikana duniani, takriban nyuzi 500 hadi 600. Lava ya kawaida hulazimika kupoteza nusu ya joto lake kabla ya kuifikia nukta ya Curie ya magnetiti, ilhali ile ya Lengai hutoka ardhini ikiwa tayari iko karibu na mpaka huo.

Namna kumbukumbu inavyosomwa

Ili kuisoma kumbukumbu hiyo, mtaalamu hukata kipande cha mwamba kwa mashine yenye bomba la almasi, lakini kabla ya kukiondoa hupima kwa uangalifu kilivyoelekea. Jiwe lililookotwa barabarani, au lililochongwa na kujengewa ukuta kama ilivyo kawaida Goma, bado lina usumaku wake, ila halisemi tena kaskazini ilikuwa wapi. Dira ya kawaida nayo huweza kupotoshwa na basalti yenyewe, hivyo wataalamu wengi hutumia kivuli cha jua kupata mwelekeo wa kweli.

Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, uga wa sumaku huinama sana kuelekea ardhini au kutoka ardhini, na mwinamo huo pekee waweza kuonyesha kama ncha zilikuwa zimegeuka. Karibu na ikweta hali ni tofauti. Katika Bonde la Olduvai, lililo karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, mwinamo unaotarajiwa kwa wastani wa muda mrefu ni nyuzi sita hivi tu, yaani usumaku hulala karibu sambamba na ardhi. Jibu lote liko katika swali moja: je, usumaku wa mwamba unaelekea kaskazini au kusini? Ndiyo maana kosa katika kupima mwelekeo wa sampuli laweza kuharibu kazi yote.

Maabara huanza kwa kupima usumaku uliopo. Baadaye sampuli huingizwa katika tanuri lililokingwa dhidi ya uga wa Dunia, ikapashwa joto hadi nyuzi 100, ikapozwa na kupimwa. Kisha 200, 300, na kuendelea hadi karibu nyuzi 600 au 700. Kila awamu hufuta kumbukumbu ya chembe zilizojifunga chini ya kiwango hicho. Usumaku dhaifu ulioongezeka baadaye hufutika kwanza, na ule wa asili, uliojifunga wakati lava ilipopoa, hubaki hadi mwisho.

Kazi hiyo ni ya lazima kwa sababu mwamba una maadui wengi. Lava mpya ikipita juu yake huweza kuupasha joto na kuandika upya sehemu ya kumbukumbu. Radi ikipiga kilele cha mwamba, mkondo wake wa umeme huacha usumaku mkali usio na uhusiano wowote na uga wa Dunia. Maji ya moto yanayopita katika nyufa hubadilisha magnetiti kuwa madini mengine. Mvua na hewa za karne nyingi hutengeneza hematiti mpya, ambayo hupokea usumaku wa wakati wake.

Wanandoa Émile na Odette Thellier wa Ufaransa waliendeleza njia hiyo hatua moja zaidi, na mwaka 1959 walieleza jinsi ya kupima nguvu ya uga wa kale. Sampuli hufutwa kwa awamu, na katika kila awamu hupewa usumaku mpya ndani ya uga unaojulikana nguvu yake. Kwa kulinganisha kilichopotea na kilichopatikana, hukokotolewa nguvu ya uga uliokuwapo lava ilipopoa.

Ugunduzi uliokataliwa

Historia ya elimu hii ilianza Italia. Mwaka 1853, Macedonio Melloni alionyesha kwamba lava za Mlima Vesuvio zina usumaku unaofuata uga wa Dunia, na kwamba kipande cha lava kikipashwa moto hadi kuiva kisha kikapozwa, hupata usumaku upya.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Bernard Brunhes, mwanafizikia wa Ufaransa, alichunguza tabaka la udongo wa mfinyanzi huko Pontfarin, katikati mwa nchi hiyo. Udongo huo ulikuwa umechomwa na lava iliyopita juu yake. Alikuta kwamba lava na udongo vyote vilikuwa na usumaku unaoelekea kinyume na uga wa leo. Katika ripoti yake ya mwaka 1906, alihitimisha kwamba wakati lava ile ilipomwagika, ncha za Dunia zilikuwa zimegeuka. Mwaka 1929, Motonori Matuyama wa Japani alionyesha kwamba basalti nyingi za mashariki mwa Asia zilikuwa na usumaku wa kinyume, na kwamba hali hiyo ilihusiana na umri wake.

Wanasayansi wengi hawakukubali. Mashaka yao yalipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale Takesi Nagata na wenzake wa Japani walipoupasha moto mwamba wa volkano kutoka Mlima Haruna na kuuacha upoe katika uga wa kawaida. Mwamba huo ulijipatia usumaku wa kinyume wenyewe, bila uga kugeuka. Néel alikuwa ametabiri kwamba jambo hilo linawezekana: madini yenye sehemu mbili zinazojifunga katika joto tofauti yaweza kufanya sehemu moja ielekee kinyume na nyingine.

Swali likawa gumu. Iwapo mwamba unaweza kujigeuza, nani atasema kwamba Dunia iliwahi kugeuka?

Jibu lilihitaji saa. Iwapo kugeuka ni tabia ya madini tu, miamba yenye usumaku wa kinyume ingetawanyika ovyo katika umri wote. Iwapo ni tabia ya Dunia, basi miamba yote yenye umri mmoja, popote ilipo, ingekuwa na mwelekeo mmoja. Saa hiyo ilipatikana kwa njia ya potasiamu na agoni. Potasiamu ya aina moja hubadilika polepole na kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa ya moto gesi hiyo hutoroka, na ikiganda hunaswa ndani ya fuwele na kuanza kujikusanya. Ni bahati njema kwamba joto lile lile linalofuta usumaku ndilo linaloirudisha saa hiyo kwenye sifuri.

Kuanzia mwaka 1963, Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple wa Marekani walichapisha vipimo vilivyounganisha mambo hayo mawili. Umri na mwelekeo vilikubaliana. Miamba inayojigeuza yenyewe, kama ule wa Haruna, ilibainika kuwa nadra.

Jina la Olduvai duniani

Ni katika hatua hiyo ndipo Tanzania ilipoingia katika historia ya sumaku ya Dunia. Julai 17, mwaka 1959, Mary Leakey alipata katika Bonde la Olduvai fuvu la kiumbe lililopewa jina la Zinjanthropus. Mwaka 1961, Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba, kwa kipimo cha potasiamu na agoni, tabaka lenye fuvu hilo lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Umri huo ulikuwa mkubwa kuliko ilivyodhaniwa, na ulizua ubishi mkali.

Chini ya tabaka hizo kuna basalti. Mwaka 1963, Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha matokeo ya vipimo vya usumaku wake. Basalti hiyo ilikuwa na usumaku unaoelekea kaskazini kama wa leo. Jambo hilo lilishangaza, kwani lilionyesha kwamba katikati ya kipindi kirefu ambacho ncha zilikuwa zimegeuka, palikuwa na kipindi kifupi ambacho zilirudi katika hali ya sasa.

Mwaka 1964, Cox na wenzake walikiweka kipindi hicho katika kalenda yao ya sumaku na kukiita kwa jina la Olduvai. Kwa makadirio ya sasa, kilianza takriban miaka milioni 1.93 iliyopita na kumalizika takriban milioni 1.78 iliyopita. Jina hilo hutumika leo duniani kote. Mtaalamu anayepima basalti ya Iceland au mashapo ya sakafu ya Bahari ya Pasifiki, akikuta alama ya kipindi hicho, huiandika "Olduvai".

Kwa upande wa mabaki ya kale, faida ilikuwa kubwa. Umri wa fuvu lile haukutegemea tena kipimo kimoja pekee. Usumaku wa tabaka za Olduvai ulilinganishwa na ule wa maeneo mengine duniani, na ushahidi ukakubaliana kwamba tabaka hizo za chini zina umri wa karibu miaka milioni mbili.

Onyo kutoka Turkana

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba usumaku pekee hautoi tarehe. Mwelekeo una majibu mawili tu, kaskazini au kusini, na majibu hayo hujirudia mara nyingi. Kilichotokea mashariki mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya, ni fundisho.

Katika eneo la Koobi Fora kuna tabaka la jivu la volkano liitwalo KBS. Mwaka 1970 lilitangazwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, aliyekuwa katika timu ya Richard Leakey, aligundua chini ya jivu hilo vipande vya fuvu lililosajiliwa kwa namba 1470. Kwa umri huo, fuvu hilo lenye ubongo mkubwa lingelazimisha historia ya binadamu iandikwe upya.

Mwaka 1974, Andrew Brock na Glynn Isaac walichapisha mfululizo wa usumaku wa tabaka za eneo hilo, na mfululizo huo ulionekana kuafikiana na umri wa milioni 2.6. Kumbe ulikuwa umelinganishwa na sehemu isiyo sahihi ya kalenda. Mabaki ya nguruwe wa kale yalionyesha kwamba tabaka hizo ni changa zaidi, na vipimo vipya vya jivu lenyewe vilipokamilika, kufikia mwaka 1980, umri wake ulikubalika kuwa takriban miaka milioni 1.9. Usumaku haukuwa umekosea. Waliosoma ndio walioanza na tarehe isiyo sahihi, kisha wakakuta mfululizo unaofanana nayo.

Manufaa kwa maisha ya leo

Uhusiano wa joto na usumaku una matumizi pia nje ya historia. Kwa kuwa joto huongezeka kadiri tunavyoshuka ardhini, kuna kina ambacho chini yake miamba haiwezi kuwa na usumaku wa kudumu. Mahali pa kawaida barani kina hicho chaweza kuwa kilometa 20 au zaidi, lakini penye volkano huwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Ndege zenye vifaa vya kupima sumaku husaidia kukadiria kina hicho, na watafutaji wa jotoardhi hutumia vipimo vya namna hiyo kutambua maeneo ambayo mvuke wake unaweza kuzalisha umeme.

Vivyo hivyo kwa uangalizi wa volkano. Magma inapopanda, hupasha joto miamba iliyo juu yake, na miamba hiyo hupoteza usumaku. Huko Izu-Oshima, nchini Japani, mabadiliko ya uga wa sumaku yalipimwa kabla ya mlipuko wa mwaka 1986, na wataalamu waliyahusisha na kuongezeka kwa joto chini ya mlima. Ishara ya aina hiyo haitoshi peke yake kutabiri mlipuko, lakini ikiunganishwa na mitetemeko na gesi huongeza uelewa wa kinachoendelea.

Tabia hiyo haiko katika lava peke yake. Udongo uliochomwa na binadamu hupokea usumaku kwa njia ile ile. Mwaka 2015, John Tarduno na wenzake walichapisha utafiti wa sakafu na maghala ya nafaka yaliyoungua katika vijiji vya Enzi ya Chuma kwenye Bonde la Mto Limpopo, kusini mwa Afrika. Moto ulioteketeza vijiji hivyo ulikuwa umeupasha udongo joto la kutosha kufuta usumaku wa awali, na udongo ulipopoa uliandika uga wa siku zile. Vipimo hivyo vilisaidia kuchunguza chimbuko la eneo la Atlantiki Kusini ambako uga wa sumaku wa Dunia ni dhaifu kuliko kwingine, na ambako satelaiti hupatwa na mionzi mingi zaidi.

Uga huo ndio ngao inayotukinga dhidi ya sehemu kubwa ya chembe zinazotoka katika Jua. Mara ya mwisho ncha zake zilipogeuka kabisa ilikuwa takriban miaka 773,000 iliyopita. Vyombo vya binadamu vimeupima kwa karne chache tu, muda ambao ni mfupi mno kuelewa tabia yake. Rekodi iliyobaki imo katika miamba, kuanzia basalti ya Olduvai hadi lava iliyopoa Goma mwaka 2002. Mei 22, mwaka 2021, Nyiragongo ulilipuka tena na lava yake ikasimama pembezoni mwa mji huo. Iliposhuka chini ya nyuzi 580, nayo iliongeza mstari wake katika rekodi hiyo.